Tiba ya Kichina kwa huzuni, wasiwasi na kutojiamini: sindano, mitishamba, mazoezi, au mshauri nasaha?

Mtu mwenye huzuni isiyokwisha, wasiwasi wa kila siku au hali ya kujiona hafai, akiingia katika kliniki ya tiba ya Kichina, hukuta humo tiba tatu zilizo tofauti: sindano nyembamba zisizo na dawa ndani, dawa za mitishamba, na mazoezi ya viungo na pumzi. Zote huuzwa kwa jina moja na kuelezwa kwa nadharia moja, ndiyo maana wengi huzichukulia kuwa kitu kimoja, ilhali zinaachana sana kwa ushahidi, kwa hatari, kwa gharama na kwa aina ya tatizo linaloguswa. Makala haya yanazilinganisha hizo tatu, na yanaziweka kando ya njia mbili zinazopatikana hospitalini, yaani ushauri nasaha na dawa za sonona (huzuni iliyofikia kuwa ugonjwa), kwa sababu anayechagua baina ya sindano na mitishamba bila kujua kilicho nje ya mlango wa kliniki hiyo hajachagua sawasawa. Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji aupime kadiri anavyosoma: tiba ya Kichina ina la kutoa pale ambapo hisia zimejidhihirisha mwilini, katika usingizi, kifua, tumbo na koo, lakini ina machache ya kutoa pale ambapo tatizo lenyewe ni hukumu ambayo mtu ameitoa juu ya nafsi yake.

Tiba hii si ngeni Afrika Mashariki. Timu za madaktari kutoka China zimekuwa zikija Zanzibar tangu 1964 na Tanzania Bara tangu 1968, na tiba ya sindano ilikuwa miongoni mwa huduma zao. Aidha, dawa mseto ya malaria tunayoimeza leo imetokana na mmea uliokuwa ukitumiwa katika tiba ya Kichina, na Tu Youyou aliyeongoza kazi ya kuipata dawa hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wauzaji wa dawa hupenda kuutaja mfano huo, nao ni wa kweli, ila unathibitisha mmea mmoja uliochujwa maabara na kupimwa kwa wagonjwa, wala hauthibitishi kila chupa iliyopangwa rafuni.

Nadharia yenyewe inasema nini

Msingi umo katika Huangdi Neijing, mkusanyiko wa maandiko ya tiba ambao wanazuoni wengi huuweka katika karne mbili za mwisho kabla ya Kristo. Humo kila hisia kuu ina kiungo chake: furaha ni ya moyo, hasira ni ya ini, kuwaza sana ni kwa wengu, huzuni ni ya mapafu na hofu ni ya figo. Chi, yaani nguvu inayotembea mwilini na kuviendesha viungo hivyo, huathiriwa na kila hisia kwa namna yake, kwa kuwa hasira huipandisha, hofu huishusha, huzuni huifuja, na kuwaza kupita kiasi huifunga isitembee. Mwaka 1174 tabibu Chen Yan aliziorodhesha hisia saba kuwa visababishi vya ndani vya maradhi, tofauti na baridi, joto au unyevu vinavyomwingia mtu kutoka nje. Hisia yenyewe haihesabiwi kuwa ugonjwa. Inayoleta ugonjwa ni hisia iliyozidi kiasi, au iliyokaa muda mrefu bila kupata pa kutokea.

Hapa pana tahadhari moja ambayo kliniki nyingi hazimwelezi mgonjwa. Ini, wengu na figo za nadharia hii ni mafungu ya kazi za mwili na nafsi, na hazilingani moja kwa moja na viungo ambavyo daktari wa upasuaji huviona. Mtu aliyeambiwa kwamba chi ya ini lake imebanwa hana sababu ya kukimbilia kipimo cha homa ya ini, na aliyeambiwa kwamba figo zake zimepungukiwa hajaambiwa kwamba atahitaji kusafishwa damu. Nimeona hofu mpya ikizaliwa kwa kauli kama hizo, na kwa mtu aliyefika akiwa na wasiwasi tayari, hilo ni dhara kamili.

Kuhusu kujithamini, nadharia haina fungu moja linalolingana nako. Ina vipande. Utashi wa kushika jambo hadi mwisho umewekwa katika figo, na ujasiri wa kuamua umewekwa katika nyongo, ambayo Huangdi Neijing inaielezea kama ofisa mnyoofu ambaye maamuzi hutoka kwake, katika baraza ambalo moyo ndio mtawala na ini ndilo jemadari. Mtu mwoga, anayeshtuka kwa kitu kidogo, anayelala usingizi mwepesi na kushindwa kuamua hata jambo dogo, huambiwa kwamba chi ya moyo na nyongo imepungua. Linganisha na saikolojia ya Magharibi, ambako William James aliliandikia jambo la kujithamini mwaka 1890, na ambako tangu 1965 kumekuwa na dodoso maarufu la Morris Rosenberg lenye kauli 10 zinazomtaka mtu aseme anavyojiona. Upande mmoja unauliza unajionaje, na upande wa pili unauliza unathubutu nini. Kwa baadhi ya watu swali la pili ndilo lenye manufaa zaidi, kwa kuwa wapo wanaoweza kujisifu katika dodoso na bado wakashindwa kumwambia bosi kwamba mshahara umekatwa kimakosa.

Ndani ya chumba cha tabibu

Tabibu huanza na mkono. Huweka vidole vitatu juu ya mshipa wa kifundo cha mkono mmoja, kisha wa pili, akigusa kwanza kwa wepesi na baadaye kwa kukandamiza, akisikiliza nafasi tatu kila upande. Huomba aone ulimi: rangi yake, utando uliojuu yake, na kama kando zake zina alama za meno. Ndipo huuliza. Unalala saa ngapi, na ukishtuka usiku unarudi kulala? Chakula kina ladha? Choo kikoje? Hedhi huja kwa wakati, na kabla yake matiti yanauma? Mbavu zinabana? Mgonjwa anayeshusha pumzi kila mara, mwenye mbavu zinazobana na hasira za karibu, atasemwa kuwa chi ya ini imekwama. Mwanafunzi ambaye amewaza mitihani mpaka hamu ya chakula imekwisha, moyo unamdunda na usingizi haumjii, atasemwa kuwa moyo na wengu vimepungukiwa. Wawili hao hospitalini wangeweza kuandikiwa neno moja, sonona, na dawa moja, lakini hapa wanatoka na maelekezo mawili tofauti.

Faida ya utaratibu huu ni kwamba mgonjwa anasikilizwa kuhusu mambo ambayo daktari mwenye foleni ndefu hana nafasi ya kuyauliza, na kwamba anaondoka bila kupachikwa jina la ugonjwa wa akili. Faida hiyo si ndogo. Mwaka 1980 daktari wa magonjwa ya akili Arthur Kleinman aliwachunguza wagonjwa 100 katika mji wa Changsha, jimboni Hunan, ambao walikuwa wameandikiwa kwamba mishipa yao ya fahamu imedhoofika, nao walilalamikia vichwa, usingizi na uchovu. Kwa vigezo vya sonona, 87 kati yao walikuwa nayo. Lugha ya mwili iliwapa ruhusa ya kwenda kutibiwa bila fedheha, jambo ambalo yeyote aliyesikia jinsi watu wanavyotaja Mirembe au Mathari kwa utani atalielewa haraka.

Hasara imo humo humo. Katika maswali yote niliyoyataja hakuna linalouliza ni nani aliyekuambia kwamba hufai, lini, na kwa nini ulimwamini. Mke anayedharauliwa nyumbani kila siku anaweza kutibiwa ini mwaka mzima, akalala vizuri zaidi, na akaendelea kudharauliwa.

Sindano

Kwa huzuni na wasiwasi, sehemu zinazochomwa mara nyingi ni Baihui kwenye utosi, Yintang baina ya nyusi, Shenmen na Neiguan katika mkono upande wa ndani, na Taichong juu ya unyayo, kati ya kidole gumba na cha pili. Sindano ni nyembamba kuliko ya hospitali, haina dawa ndani, na huachwa mahali pake takribani nusu saa huku mgonjwa amelala. Wengi husinzia. Kwa anayekesha na mawazo, nusu saa ya utulivu bila simu ni jambo la thamani, na wanaoishuku tiba hii husema kwamba huenda sehemu kubwa ya nafuu inatokana na utulivu huo.

Ushahidi wa sindano ndio uliochunguzwa vizuri zaidi kati ya zote tatu, na ndiyo maana nausemea kwa urefu. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 64 zenye washiriki 7,104 wenye sonona, na yakaona kwamba sindano huenda zikapunguza makali ya sonona kwa kiasi zikilinganishwa na kutopewa tiba au kupewa huduma ya kawaida, lakini zikilinganishwa na sindano za bandia, yaani zinazoigiza tiba tu, tofauti ilikuwa ndogo, na ubora wa tafiti nyingi ulikuwa wa chini. Kwa anayetaka kuchagua, utafiti muhimu zaidi ni ule uliofanyika kaskazini mwa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013, kwa kuwa ni miongoni mwa michache iliyoweka sindano na ushauri nasaha kwenye mizani moja. Wagonjwa 755 wenye sonona waligawanywa kwa kura: baadhi walipewa sindano pamoja na huduma ya kawaida, wengine ushauri nasaha pamoja na huduma ya kawaida, na wengine huduma ya kawaida peke yake. Sindano na ushauri vilitolewa kwa vikao visivyozidi 12, kimoja kila wiki. Baada ya miezi mitatu makundi yote mawili yalikuwa na nafuu kuliko kundi la tatu, na baina ya sindano na ushauri hapakuwa na tofauti ya kutegemewa.

Matokeo hayo yanaweza kusomwa kwa namna mbili. Mpenzi wa sindano atasema zimelingana na ushauri. Mwenye shaka atasema kwamba katika vyumba vyote viwili mgonjwa alipata mtu mmoja aliyemjali kila wiki kwa miezi kadhaa, na hapakuwa na kundi la sindano za bandia la kutenganisha mambo hayo. Mimi naona usomaji wa pili una nguvu, ila haumzuii mgonjwa kunufaika.

Hatari ni chache kama mtoa huduma anajua kazi: uvimbe mdogo, tone la damu, kizunguzungu kwa aliyekuja na njaa. Hatari kubwa ni mbili. Ya kwanza ni sindano iliyotumika kwa mtu mwingine, kwa hiyo pakiti ifunguliwe mbele ya macho ya mgonjwa. Ya pili ni sindano iliyochomwa kwa kina kifuani au juu ya bega hadi ikagusa pafu, tukio la nadra ambalo linatosha kuwa sababu ya kutomkabidhi kifua mtu asiye na mafunzo. Gharama nayo ni ya kurudiarudia: kikao kimoja ni rahisi kukimudu, vikao 12 ni bajeti.

Mitishamba

Hapa ndipo penye historia tamu zaidi na tahadhari nyingi zaidi. Kitabu cha Zhang Zhongjing, tabibu aliyeandika mnamo mwaka 200 baada ya Kristo, kinamtaja mwanamke anayehuzunika na kutaka kulia bila sababu, kana kwamba ameingiwa na pepo, huku akipiga miayo na kujinyoosha kila mara. Dawa yake ni ya jikoni: ngano, kunazi nyekundu za Kichina na mzizi mtamu wa gancao, vikachemshwa pamoja na kunywewa. Kitabu hicho hicho kinamwelezea mtu anayehisi kana kwamba kipande cha nyama ya kuchoma kimekwama kooni, hakimezeki wala hakitemeki; madaktari wa leo wanaitambua dalili hiyo kuwa ya kawaida kwa watu wenye wasiwasi.

Dawa utakayopewa mara nyingi zaidi ni Xiao Yao San, iliyoorodheshwa katika kitabu cha dawa cha serikali ya nasaba ya Song, yenye chaihu, danggui, baishao, baizhu, fuling, gancao, tangawizi na mnanaa, kwa ajili ya chi ya ini iliyokwama. Kwa yule mwanafunzi wa mitihani ataandikiwa Gui Pi Tang, ambayo asili yake ni kitabu cha Yan Yonghe cha mwaka 1253. Xiao Yao San imefanyiwa tafiti nyingi nchini China, lakini nyingi zimekuwa ndogo, na mara kwa mara dawa ilitolewa pamoja na dawa ya hospitali, hivyo ni vigumu kujua ni ipi iliyofanya kazi. Ukizilinganisha na sindano, mitishamba ina ushahidi dhaifu zaidi na hatari kubwa zaidi, na hiyo ndiyo sababu naiweka mwisho katika orodha yangu, ingawa wateja wengi huanzia hapo kwa kuwa chupa hubebwa nyumbani na sindano inatisha.

Hatari zenyewe ni za namna kadhaa. Danggui inaweza kuzidisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Gancao ikitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu, na mwenye presha anaweza kuongezewa dawa za presha bila mtu yeyote kuuliza anakunywa nini asubuhi. Mimea ya jamii ya aristolokia iliharibu figo za wanawake zaidi ya mia moja nchini Ubelgiji katika miaka ya 1990, baada ya kuingizwa katika vidonge vya kupunguza unene. Na kuna jambo linalohusu mada yetu moja kwa moja: baadhi ya dawa za kale za kutuliza roho zina zinjifuri, jiwe jekundu lenye zebaki, na dawa moja maarufu, Zhusha Anshen Wan, imebeba zinjifuri hata katika jina lake. Mtu aliyekosa usingizi hapaswi kumeza zebaki ili alale. Vidonge visivyo na orodha kamili ya viambato kwa lugha unayoisoma viache hapo hapo dukani. Na vile vinavyoleta usingizi mzito au furaha ya ghafla ndani ya siku moja vishuku, kwa kuwa vidonge vinavyoitwa vya mitishamba vimewahi kukutwa na dawa za hospitali zilizochanganywa kimyakimya. Mjamzito na anayenyonyesha wasiviguse bila daktari.

Mazoezi

Chigong na taichi, mazoezi ya miondoko ya polepole na pumzi, ndizo tiba ambazo mwenye kliniki hana haraka ya kukushauri, kwa sababu ukishajifunza humlipi tena. Mfano bora wa kuanzia ni Baduanjin, mfululizo wa miondoko minane unaochukua kama robo saa, ambao mamlaka ya michezo ya China iliujumuisha katika mazoezi manne ya chigong iliyoyasanifu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwondoko wa kwanza ni kuinua mikono miwili juu ya kichwa, viganja vikitazama mbingu, kwa pumzi ndefu. Wa nne ni kugeuza kichwa taratibu na kutazama nyuma, huku mabega yakifunguka. Wa saba ndio unaohusu habari ya ujasiri: mtu husimama miguu imetanuka, magoti yamekunjwa, hukunja ngumi kiunoni, husukuma ngumi moja mbele polepole na kutoa macho makali kuelekea huko inakokwenda. Mtu aliyezoea kuinama na kukwepa macho ya watu huona aibu kuufanya siku za mwanzo, na aibu hiyo yenyewe ni sehemu ya zoezi.

Yapo pia mazoezi ya sauti sita, ambapo kila kiungo kina sauti yake ya kutolea pumzi. Nadharia inasema sauti hiyo husafisha kiungo; maelezo mepesi zaidi ni kwamba kutoa pumzi kwa urefu hupunguza mapigo ya moyo na kuutuliza mwili, na maelezo hayo yanatosha kumfanya mtu ajaribu. Tafiti za mazoezi ya mwili kwa jumla zinaonyesha kwamba hupunguza dalili za sonona kwa kiwango cha kuheshimika, na hakuna sababu ya kudhani kwamba chigong ni duni kuliko kutembea kwa kasi, wala kwamba imezidi. Kilicho chake hasa ni kwamba haihitaji vifaa, inawafaa wenye magoti mabaya na wenye umri mkubwa, na hujifunzwa katika kundi. Kwa mtu asiyejiamini, kujua leo kitu ambacho mwezi uliopita hakukijua, na mwili wake wenyewe ukiwa shahidi, huingia mahali ambapo maneno ya kutiwa moyo hayafiki.

Onyo ni moja. Mazoezi mazito ya kutafakari kwa saa nyingi, hasa bila mwalimu, yamewahi kufuatwa na vurugu ya akili kwa watu wachache, na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 1994 uliitaja hali hiyo kwa jina. Aliyewahi kusikia sauti zisizokuwepo, au mwenye historia hiyo katika familia, abaki na miondoko mepesi ya mchana.

Ushauri nasaha, na tabibu aliyepiga meza

Ushauri nasaha hufanya kile ambacho kliniki ya Kichina ya leo imekiacha: huchukua wazo la kujidharau, huliweka mezani na kulihoji. Mshauri aliyefunzwa tiba ya mawazo na matendo atamtaka mtu aandike ni lini alijiambia kwamba hafai, nini kilitangulia, na ushahidi uko wapi. Kisha atampa jaribio dogo la kufanya kabla ya kikao kijacho. Si lazima mshauri awe na digrii kubwa. Huko Harare, bibi waliofunzwa kuwasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja walipunguza dalili za sonona na wasiwasi katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lenye washiriki 573.

Nimesema "ya leo" kwa makusudi, kwa kuwa tiba ya Kichina ya zamani ilikuwa na tawi hili. Zhang Congzheng, aliyeishi kati ya 1156 na 1228, aliitwa kwa mke wa mtu mmoja aitwaye Wei Dexin. Mwanamke huyo alikuwa amelala ghorofani katika nyumba ya wageni wakati majambazi walipovamia usiku na kuchoma nyumba, naye akaanguka kutoka kitandani kwa hofu. Tangu hapo kila sauti ilimzimisha, hata watu wa nyumbani wakawa wananyata, na zaidi ya mwaka ulipita akitibiwa moyo kwa dawa za ghali bila nafuu. Zhang alimketisha kwenye kiti kirefu, wajakazi wawili wakamshika mikono, akaweka meza ndogo mbele yake na kuigonga kwa gogo. Mwanamke akashtuka vikali. Zhang akamwuliza kuna nini cha kuogopa katika gogo kugonga meza, akangoja atulie, akagonga tena, na tena, mshtuko ukipungua kila mara. Akagonga mlango kwa fimbo, akaagiza mtu akwaruze dirisha nyuma yake, mpaka mwanamke akacheka na kuuliza hiyo ni tiba ya namna gani. Usiku huo watu waligonga milango na madirisha yake tangu giza hadi alfajiri. Mtaalamu wa leo wa woga angeitambua kazi hiyo mara moja, pengine akilalamika tu kuhusu wale wajakazi walioshika mikono.

Kisa hiki ninakitumia kama kipimo. Tabibu wa Kichina anayekuuliza unaogopa nini na anayekupangia hatua za kukikabili yuko ndani ya mapokeo yake, na anayesema kwamba kazi yake ni ini tu amejichagulia nusu ya mapokeo hayo.

Dawa za sonona za hospitali, kama fluoksetini na amitriptilini, nitazipitia kwa ufupi kwa kuwa hazishindani na chigong. Zinafaa sonona ya kati na kali, huanza kuonyesha nafuu baada ya wiki mbili hadi nne hivi, na zina maudhi kama kichefuchefu kwa ile ya kwanza na ukavu wa mdomo na usingizi kwa ile ya pili. Hazitibu kutojiamini kwa mtu asiye na sonona.

Nani aanze wapi

Anayefikiria kujiua, aliyeacha kula, anayesikia sauti au aliyekosa kulala siku kadhaa huku akijiona ana nguvu zisizo na mpaka, aende hospitali leo hii, na jamaa amsindikize. Hapo ulinganisho huu haumhusu, na tabibu wa Kichina anayempokea mtu wa namna hiyo bila kumpa rufaa amekosea.

Aliye na msongo wa kawaida, usingizi uliovurugika, mabega magumu na hasira za karibu, bila kukwama katika kazi na maisha, aanze na Baduanjin kila siku kwa mwezi mzima kabla ya kulipia chochote. Ikibaki shida ya usingizi au ya mwili, sindano ndiyo hatua ya pili ya busara. Mwenye sonona nyepesi ambaye hawezi kabisa kuzungumza, ama kwa aibu ama kwa kuwa kila aliyemweleza alimhubiria, anaweza kuanzia kwenye sindano, kwa sababu humo haombwi maelezo. Lakini ajipangie kwamba usingizi ukitengemaa atatafuta mshauri.

Yule ambaye tatizo lake hasa ni kujiona duni, ambaye analala vizuri na kula vizuri ila hujiondoa kwenye kila nafasi kabla hajakataliwa, asipoteze fedha kwa mitishamba wala kwa sindano. Aende kwa mshauri, au kikundi chenye msimamizi aliyefunzwa, na mazoezi yawe msaada. Ninalisema hili bila kusitasita kwa sababu ndiye mteja anayeshawishiwa kirahisi zaidi: huamini haraka kwamba kasoro imo ndani yake, na huambiwa kwamba imo kwenye figo.

Kabla ya kulipa, muulize mtoa huduma amesajiliwa wapi. Tanzania usajili huo ni wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002. Muulize atajuaje kwamba umepata nafuu, na baada ya vikao vingapi atakubali kwamba hujapata. Vikao sita bila badiliko lolote la usingizi, hamu ya chakula au moyo wa kutoka nje, kwa maoni yangu, vinatosha kuacha. Na kila unachomeza kitaje kwa daktari wa hospitali, hata kama atakunja uso. Anayetumia fluoksetini na akaona sindano zinamfaa asiiache dawa hiyo kwa uamuzi wake. Aipunguze kwa ratiba ya aliyemwandikia, na vikao vya sindano viendelee katika wiki hizo za kupunguza, ambazo usingizi mara nyingi huyumba.